Bosko na mtoto mchanga: uchambuzi wa kisa cha Kiamunyi, Nakuru

Bosko ni mbwa dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, aliyenunuliwa Njoro akiwa na miezi miwili. Kisa hiki kilipotokea alikuwa na miezi kumi, umri ambao mbwa ana kimo cha mkubwa na fujo za mtoto. Anaishi Kiamunyi, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia: nyumba ya mawe, ua wa kayaba, geti la mabati, mti mmoja wa parachichi, kamba za nguo nyuma ya jikoni. Wenye nyumba ni baba, mwalimu wa sekondari. Mama, karani mjini. Mtoto wao wa kwanza, wiki saba. Na shosho, mzazi wa mama, aliyetoka Molo kuja kumwogesha mtoto na kumpikia binti yake uji.

Mimi ni mtu wa mifugo. Muda wangu mwingi unakwenda kwa ng'ombe wa maziwa, lakini simu za mbwa zimeongezeka kadiri mji unavyotanuka, na ninayoisikia mara kwa mara ni ile iliyopigwa na baba huyu: "Daktari, tumepata mtoto na mbwa amekuwa mbaya. Tumpeane ama tumdunge sindano?" Alikuwa tayari amezungumza na mlinzi wa shamba moja upande wa Rongai aje amchukue. Nilimwomba asifanye lolote mpaka nione boma.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu, bila majina ya watu, kwa sababu maelezo ambayo kila mtu alinipa pale nyumbani yalikuwa mamoja: mbwa ana wivu. Sikubaliani nayo. Bosko alinyang'anywa siku yake yote kwa mara moja, na hakuna aliyepanga kitu cha kujaza pengo hilo. Mtoto alikuwa katikati ya mambo kwa bahati mbaya ya tarehe tu. Tofauti hiyo ni kubwa, maana wivu huna la kuufanyia ila kumfukuza mbwa, lakini siku iliyovunjika inaweza kupangwa upya.

Jioni ya tukio

Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu. Mama alitoka mlango wa jikoni amembeba mtoto, akienda kuanua nepi kabla umande haujaanguka. Bosko alikuwa amefungwa mnyororo kwenye parachichi. Kola ilikuwa imelegea. Akarudi nyuma, akachomoa kichwa, akamkimbilia mama moja kwa moja. Mama akapiga mayowe na kumwinua mtoto juu ya kichwa chake. Bosko akaruka. Makucha yakamkwaruza mama mkononi hadi damu ikatoka, meno yakadaka ncha ya shali iliyokuwa ikining'inia, naye akaivuta hadi ikafunguka. Shosho akatoka na ufagio, akampiga, mbwa akatimua mbio na shali hadi nyuma ya tangi la maji.

Niliuliza zaidi ya mara moja: huko nyuma ya tangi alikuwa akifanya nini na ile shali? Mama alikumbuka vizuri. Alikuwa amelala juu yake, akiiramba. Hakuwa akiitikisa kwa nguvu kama anavyomtikisa panya. Shali ilikuwa na maziwa yaliyocheuliwa mchana.

Ukiyapanga mambo hayo, picha inabadilika. Saa kumi na moja na nusu ndiyo saa ambayo, tangu aletwe, Bosko alikuwa akitolewa matembezi. Alikuwa amekaa kwenye mnyororo kutwa nzima bila kugusana na mtu. Mlango ukafunguka, akatoka mtu anayempenda kuliko wote, amebeba kitu chenye harufu ya maziwa na sauti nyembamba. Kisha mtu huyo akapiga mayowe na kuinua kitu kile juu. Mbwa kijana akiona kitu kinainuliwa, huruka; ndivyo anavyorukia mpira, ndivyo anavyorukia mfupa. Silaumu mama hata kidogo. Mikono ya mzazi huinuka yenyewe. Lakini ni jambo linaloweza kufanyiwa mazoezi: unambana mtoto kifuani, unampa mbwa mgongo, unauelekea mlango, unanyamaza.

Baba aliposikia maelezo haya alifurahi kupita kiasi. "Nilijua tu, Bosko hawezi kumuuma mtoto." Hapo nilimkatiza. Mbwa wa kilo ishirini na tano akimwangukia mtoto wa wiki saba anaweza kuvunja mfupa, anaweza kufanya lisilorekebishika, bila nia yoyote mbaya. Watoto wadogo wanaoumizwa na mbwa mara nyingi huumizwa na mbwa wanaofahamika, na mara nyingi ni nyumbani. Maneno "huyu wetu hawezi" ndiyo yanayomfanya mtu aende kupokea simu na kumwacha mtoto mkekani na mbwa mlangoni. Shosho, ambaye wote walimwona mkali mno, alikuwa na kanuni moja tangu siku ya kwanza: mtoto na mbwa wasikae mahali pamoja bila mtu mzima katikati. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi kabisa na tuliiacha kama ilivyo.

Mkwaruzo wa mkononi

Kabla ya habari ya tabia kulikuwa na habari ya damu. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Mkakati wa taifa wa kukitokomeza ulianza mwaka 2014 na lengo lake ni mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, maana zaidi ya asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani wanaambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni karibu haiwezekani. Kwa hiyo kidonda kilichotoka damu, hata cha ukucha wenye mate ya mbwa, hakiachwi kikauke chenyewe.

Mama aliosha kwa maji na sabuni papo hapo, jambo ambalo watu wengi hulisahau kwa kukimbilia spiriti au kitunguu saumu. Kinachotakiwa ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano mfululizo, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kilichomfanya asite kwenda ni kunyonyesha; aliogopa sindano zingeharibu maziwa. Haziharibu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupewa hata wajawazito na wanaonyonyesha. Alikwenda, akaanzishiwa.

Upande wa mbwa, nilitaka kuona kadi. Baba aliitoa kwenye droo: Bosko alichanjwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo ya kurudia ilikuwa bado muda wake haujafika. Hiyo ilinituliza, ingawa haikufuta haja ya kumchunguza. Mbwa aliyeuma au kukwaruza mtu hufungiwa na kutazamwa siku kumi. Sababu ni kwamba virusi huingia kwenye mate siku chache tu kabla ya mbwa kuanza kuugua; akiwa na afya njema siku ya kumi, basi mate yake hayakuwa na virusi siku ile ya tukio. Bosko alikula, akabweka, akatafuna ndoo ya plastiki, na siku ya kumi alikuwa mzima wa tele. Hospitali ikasimamisha sindano zilizobaki.

Hili linanipa neno kwa mtu anayetaka kumuua mbwa au kumpeana papo hapo baada ya tukio: ukimtoa, umetupa njia rahisi kuliko zote ya kujua kama aliyeumia yuko salama. Kama Bosko angekuwa ameshapelekwa Rongai, nani angemtazama?

Siku yake ilivyopotea

Nilikaa na baba chini ya parachichi, tukaandika kwenye daftari lake la masomo siku ya Bosko kabla ya uzazi na baada yake.

Kabla: alilala varanda. Alfajiri baba alimfungulia, wakazunguka ploti pamoja. Mama alimpa chakula asubuhi kabla ya kupanda matatu. Jioni, matembezi ya nusu saa hadi karibu na barabara ya Eldama Ravine na kurudi. Usiku, chakula cha pili, kisha kulala miguuni pa baba akisahihisha madaftari. Aliharibu vitu vingi hata wakati huo, malapa, kamba za viatu, miche ya sukuma wiki, lakini watu walicheka na kununua vingine.

Baada: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Wiki hizo mbili baba alizitumia hospitalini, sokoni na kupokea wageni wa kuona mtoto. Kisha akarudi kazini, akirudi nyumbani amechoka na usingizi wa usiku uliokatika. Matembezi yakafa. Chakula kikawa kimoja, saa yoyote atakayokumbuka mtu. Varanda ikafungwa kwa mbwa, kwa usafi. Mnyororo ukaingia.

Nilipouliza ni nani aliyeamua mnyororo, palikuwa na kimya, na hapo ndipo nilipofika kwenye mzizi. Hakuna aliyeamua. Shosho alisema tu, siku aliyofika, kwamba mbwa hakai mahali mtoto analala. Baba, kwa heshima ya mkwe, hakuweza kubishana naye wala kumuuliza anataka mbwa akae wapi. Mama alikuwa na maumivu ya mshono na hakutaka kuwa mwamuzi kati ya mzazi wake na mume wake. Basi baba akanunua mnyororo kimyakimya, akamfunga mbwa, kila mmoja akidhani mwenzake ameridhika. Shosho mwenyewe aliniambia baadaye kwamba kwao Molo mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Hakujua kwamba huyu hafunguliwi.

Mbwa kijana aliyefungwa mahali anapoona kila kitu na hafikii chochote hukusanya msukumo kutwa nzima. Alianza kulia usiku. Akachimba mashimo kuzunguka mti. Akiponyoka anaiba nepi kwenye kamba na kwenye beseni, na hilo lilimtia shosho kichefuchefu na hofu, akiona mbwa anaonja damu ya mtoto. Mbwa kula kinyesi cha mtoto anayenyonya ni tabia ya kawaida kabisa. Ni chakula kwake, hakina uhusiano wowote na kumtamani mtoto. Kila fujo mpya ilileta kipigo au mnyororo mfupi zaidi, na kila mnyororo mfupi ulileta fujo mpya.

Tulichobadilisha

Mnyororo ulikuwa wa kwanza kuondoka. Fundi alijenga kizimba cha nguzo na waya wa wavu, mita nne kwa sita, paa la mabati upande mmoja kwa kivuli, na kibanda kidogo ndani. Nilisisitiza kijengwe mahali ambapo mbwa anaona mlango wa jikoni. Baba alitaka nyuma kabisa, karibu na shimo la taka, ili mayowe yasifike chumbani. Mbwa aliyetengwa asione watu hulia zaidi.

Mlango wa jikoni ukawekewa mlango nusu wa mbao wenye komeo juu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kizimba na faida yake ni kubwa mno: mama anaweza kupata hewa na kuona nje, na hakuna atakayeingia kwa kushtukiza. Nepi zikahamia ndoo yenye kifuniko, kamba ikapandishwa. Ukimwondolea mbwa nafasi ya kuiba, huna haja ya kumpiga kwa kuiba.

Matembezi yakarudi, alfajiri na baba, jioni na mpwa wake wa Kidato cha Tatu. Chakula mara mbili kwa saa zisizobadilika: ugali na omena, au matumbo yaliyochemshwa vizuri. Nasema yaliyochemshwa kwa sababu matumbo na maini mabichi ya kichinjioni ndiyo njia inayompa mbwa tegu wa aina ya ekinokokasi, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu huota malengelenge makubwa ya maji kwenye ini au mapafu.

Minyoo nitaisemea hapa hapa, kwa sababu ndiyo hatari ambayo hakuna mtu katika boma lile aliyeiwaza. Watoto wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo mviringo waliyoipata tumboni mwa mama yao, na mayai yake hukaa kwenye udongo miezi na hata miaka. Mtoto wa binadamu akianza kutambaa na kuonja udongo, mabuu yanaweza kusafiri mwilini mwake hadi kwenye ini na hata jicho. Kinyesi kikiwa kibichi mayai hayaambukizi bado. Huhitaji wiki mbili au zaidi kukomaa. Ndiyo maana kuzoa kinyesi kila siku na kukizika kunafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kumwaga chini. Bosko alipewa dawa ya minyoo kwa uzito wake uliopimwa, si wa kukisia kwa macho, na sasa hurudia kila miezi mitatu.

Mafunzo yalikuwa mafupi. Baba alikuwa akimwamrisha kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili, shosho kwa Kikuyu, na mbwa akawa hasikii yeyote. Wakakubaliana wote "kaa". Kabla ya chakula, kaa. Kabla ya kizimba kufunguliwa, kaa. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni. Mbwa anayejua kwamba matako chini ndiyo yanayofungua kila mlango hana sababu ya kuruka.

Kumzoesha mtoto kulianzia mbali. Mama alikaa ndani ya mlango nusu na mtoto mapajani. Baba alikuwa nje na Bosko kwenye kamba, hatua kumi hivi. Mbwa akitulia, omena mmoja mkavu. Akikaza mwili na kukodoa macho, baba anarudi nyuma hatua kadhaa hadi alegee. Hakuna kumsogeza kwa nguvu, hakuna kumnusisha miguu ya mtoto ili "wajuane". Tulitumia kilio pia: mtoto akilia popote ndani ya nyumba, mtu aliye karibu na kizimba humtupia mbwa omena. Kwa siku chache Bosko alishtuka na kubweka kila kilio kilipoanza. Kisha akaanza kukaa mwenyewe na kutazama dirishani.

Na mtu aliyekuwa dirishani mara nyingi alikuwa shosho. Yeye ndiye anayeshinda nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa na omena mfukoni mwa aproni. Hakubadilisha msimamo wake kuhusu mbwa kuingia ndani, wala sikumtaka aubadilishe. Lakini nidhamu ya Bosko ya leo ni kazi ya mikono yake kuliko ya mtu mwingine, na nilimwambia hivyo mbele ya mkwe wake.

Mvua, na kisha kutambaa

Mambo yalirudi nyuma mvua ya masika ilipokaza. Alfajiri barabara za Kiamunyi zilikuwa matope, baba akaruka siku moja, kisha wiki. Mpwa akaenda kwao likizo. Bosko akachimba chini ya waya, akatoka, akashusha kamba nzima ya nguo. Baba alinipigia kwa kukata tamaa, akisema mafunzo yameshindwa. Kwangu mimi siku ile ilithibitisha maelezo: mtoto alikuwa yuleyule, shosho yuleyule, kilichoondoka ni matembezi, na fujo ikarudi. Walimwekea mawe chini ya waya, na siku za mvua wakamfichia chakula chake vipande vipande ndani ya mabox ya katoni kizimbani, akakitafuta kwa pua. Dakika ishirini za kunusa humchosha mbwa kijana vizuri sana.

Hatua nzito zaidi ilikuja mtoto alipoanza kutambaa, karibu na miezi minane. Familia nyingi hulegea wakati huo, zikiona mbwa ameshazoea. Alichozoea ni mtoto aliyelala. Anayetambaa ni kiumbe kingine machoni pake: yuko usawa wa uso wake, anamtazama machoni, anashika manyoya, anaelekea sahani. Siku moja varandani, mama akiwa ameketi karibu, mtoto alisogelea mfupa wa Bosko na Bosko akanguruma. Mama alimwondoa mtoto, hakumpiga mbwa, akanipigia simu. Alifanya sawasawa. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayepigwa kwa kuonya hujifunza kuacha kuonya. Siku nyingine atauma bila kusema kitu. Tangu hapo Bosko hula na kutafuna ndani ya kizimba kilichofungwa, wala hapewi mfupa mahali pengine.

Niliwafundisha wote wanne, pamoja na mpwa, dalili zinazotangulia mngurumo: kupiga miayo bila usingizi, kujiramba midomo bila chakula, kugeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho kuonekana, mkia kuingia katikati ya miguu, na zaidi ya zote mwili kukauka ghafla. Ukiona mojawapo mtoto akiwa karibu, mwondoe mtoto. Usingoje ya pili.

Bosko sasa amepita mwaka na nusu. Alipata chanjo yake ya kurudia kwa wakati. Baba anafikiria kumhasi; nimemwambia itapunguza kuzurura na kupigania majike, lakini asitarajie impunguzie utundu, maana utundu huo utaisha kwa umri na kazi. Shosho amerudi Molo na hupiga simu kuuliza kama kinyesi kinazolewa. Kinachonishughulisha ni Desemba. Watakuja binamu wadogo kutoka Nairobi, watoto wasiomjua mbwa huyu na ambao yeye hawajui, watakimbia na kupiga kelele kwenye ploti ile ndogo. Tumekubaliana kwamba wageni wakiwepo Bosko atakuwa kizimbani mchana, komeo likiwa na kufuli, ufunguo kwa baba, matembezi yake alfajiri kabla watoto hawajaamka na tena usiku wakishalala.